Muswada si Sheria: Yaliyoipata Miswada ya Bunge la Kumi

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani. Katika mambo mengi ya maisha methali hiyo hutosha. Katika mambo ya sheria haitoshi, kwa kuwa kati ya kilichopo na kilicho njiani pana tofauti inayoweza kumpeleka mtu mahabusu, kumtoa shilingi zake mfukoni, au kumnyima haki ambayo tayari ni yake.

Kila mwaka, Bunge linapokaribia kufunga kikao chake mwezi Mei, habari za miswada huenea kwa kasi kutoka kituo cha teksi cha Mbarara hadi Juru na Rubondo. Mmoja amesikia redioni, mwingine amepelekewa ujumbe kwenye simu, wa tatu amesimuliwa sokoni. Habari hizo zikifika Nakivale zimekwisha kupita katika lugha kadhaa: Kiingereza cha Bunge, Kinyankole cha mjini, Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali. Katika kupokezana huko, neno "umepitishwa" hugeuka kuwa "umeanza kutumika", nalo neno "umekataliwa" hugeuka kuwa "sasa ruksa". Hapo ndipo penye hatari.

Makala haya yanaeleza mambo yaliyoipata baadhi ya miswada ya Bunge la Kumi la Uganda, lililomaliza muhula wake Mei 2021. Tumechagua Bunge hilo kwa sababu hatima za miswada yake zilitofautiana sana, na mengi yaliyotokea baadaye yanagusa nyumba zetu: pango, mirathi, akiba ya mfanyakazi, na ulinzi wa watoto.

Safari ya muswada

Muswada ni pendekezo la sheria. Huweza kuletwa na Serikali, au na mbunge mmoja kwa jina lake. Husomwa Bungeni kwa mara ya kwanza, kisha hupelekwa kwenye kamati ambayo huuchunguza na kusikiliza maoni ya wananchi na wataalamu. Kamati ikitoa taarifa yake, muswada husomwa mara ya pili na kujadiliwa, hupitiwa kifungu kwa kifungu, kisha husomwa mara ya tatu na kupitishwa. Hiyo ndiyo siku ambayo redio hutangaza: "Bunge limepitisha." Wengi hudhani safari imekwisha, kumbe bado.

Ibara ya 91 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa Rais siku 30 tangu alipoletewa muswada. Ndani ya siku hizo anaweza kufanya moja kati ya mambo matatu: kuuidhinisha, kuurudisha Bungeni akiomba ufikiriwe upya, wote au baadhi ya vifungu vyake, au kumwandikia Spika kwamba anakataa kuuidhinisha. Akirudisha muswada uleule mara mbili, nalo Bunge likaupitisha mara ya tatu kwa kura zisizopungua theluthi mbili za wabunge wote, muswada huo huwa sheria bila saini yake. Na siku 30 zikipita bila yeye kufanya lolote kati ya hayo matatu, huhesabiwa kuwa ameidhinisha.

Baada ya idhini, sheria huchapishwa katika Gazeti la Serikali. Sheria yenyewe huweza kutaja siku ya kuanza kutumika. Isipotaja, huanza siku ya kuchapishwa. Kwa hiyo muswada hupita milango mitatu kabla ya kumgusa raia au mkimbizi: Bunge, idhini na uchapishaji. Aliyesikia habari za mlango wa kwanza hajasikia habari za mlango wa mwisho.

Kwa nini mwisho wa muhula huleta mkanganyiko

Bunge la Uganda hudumu miaka mitano, na ndani yake huwa na vikao vya mwaka. Mwezi Juni Rais hutoa hotuba ya hali ya taifa na kikao kipya huanza. Katika mwaka wa mwisho wa muhula, wabunge hujitahidi kumaliza kazi iliyorundikana, na miswada mingi hupitishwa katika majuma machache. Siku 30 za Rais huangukia wakati Bunge lililoupitisha muswada limekwisha kuondoka na jipya limeingia. Shughuli ambazo hazikukamilika haziendelei zenyewe. Ni juu ya Bunge jipya kuamua kuzichukua upya. Ndiyo maana muswada unaweza kutangazwa kwa shangwe mwezi Machi, ukanyamaza mwaka mzima, kisha ukarejea kwa sura nyingine. Katika ukimya huo watu hujaza pengo kwa uvumi.

Miswada iliyorudishwa, kisha ikawa sheria

Mfano wa kwanza ni muswada wa kurekebisha Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF. Ulipitishwa Februari 2021, Rais akaurudisha, Bunge la Kumi na Moja likaupitisha tena mwishoni mwa mwaka huo, naye akauidhinisha Januari 2022. Tangu hapo mwanachama aliyefikisha umri wa miaka 45 na aliyechangia kwa miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Na kila mwajiri sasa anawajibika kuwachangia wafanyakazi wake, hata kama hawafiki watano. Mfanyakazi wa duka la Mbarara aliyesikia mwaka 2021 kwamba "Rais amekataa" na asiulize tena, huenda mpaka leo hajui kwamba mwajiri wake anapaswa kumchangia.

Mfano wa pili ni muswada wa wenye nyumba na wapangaji. Bunge la Kumi liliupitisha mwaka 2019, ukarudishwa, nao ukawa sheria mwaka 2022. Sheria hiyo inataka mkataba wa pango wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe wa maandishi. Inazuia kupandisha kodi ya nyumba kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Na jambo linalotufikisha sisi polisi milangoni mwa watu mara kwa mara: mwenye nyumba hawezi kumfukuza mpangaji bila amri ya mahakama. Mpangaji asiyelipa bado anadaiwa, na mwenye nyumba ana haki ya kumshtaki. Lakini kumtolea vyombo nje usiku, au kumwita askari aje kufanya kazi hiyo pasipo karatasi ya mahakama, si njia ya sheria. Familia nyingi zilizotoka Nakivale kwenda kutafuta riziki au shule mjini Mbarara hupanga vyumba, na wengi wao hunyamaza wakidhani kwamba sheria hii ni ya wenyeji tu. Sheria haikuwabagua.

Mfano wa tatu ndio mzito zaidi. Mwezi Aprili 2007 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vya Sheria ya Mirathi vilivyowabagua wanawake. Hukumu hiyo iliondoa dhuluma, lakini iliacha pengo ambalo Bunge ndilo lilipaswa kulijaza. Pengo hilo lilidumu miaka 15. Bunge la Kumi lilipitisha muswada wa marekebisho Machi 2021, mwishoni kabisa mwa muhula wake. Rais aliurudisha. Bunge jipya liliuchukua, likaurekebisha, nao ukawa sheria mwaka 2022.

Sheria hiyo inaeleza kwamba mtu akifariki bila wosia, akaacha mwenzi wa ndoa, wazawa wake, ndugu waliomtegemea na mrithi wa kimila, wazawa hupata asilimia 75 ya mali, mwenzi asilimia 20, wategemezi asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia 1. Zamani fungu la mjane lilikuwa asilimia 15. Tena, kumfukuza mjane, mgane au watoto kutoka katika nyumba ya makazi ya familia ni kosa la jinai. Shemeji anayefika siku ya tatu baada ya maziko na kudai funguo za nyumba anaweza kujikuta mbele ya hakimu.

Hapa tuongeze tahadhari kwa wakazi wa Nakivale. Kipande cha ardhi alichogawiwa mkimbizi ndani ya makazi ni cha kutumia. Si mali yake ya kuuza wala kurithisha kama shamba la mtu binafsi. Aliyekitumia akifariki, suala la kipande hicho hupelekwa kwenye ofisi ya Kamanda wa makazi, iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Lakini hilo halimpi jirani wala ndugu ruhusa ya kumtoa mjane na watoto nyumbani kwa nguvu.

Muswada uliokataliwa

Tarehe 3 Mei 2021, siku chache kabla ya kuagana, Bunge la Kumi lilipitisha Muswada wa Makosa ya Kujamiiana, ulioletwa na mbunge Monica Amoding. Ulikusudia kukusanya mahali pamoja makosa yaliyotawanyika katika sheria mbalimbali na kuongeza mengine. Rais hakuuidhinisha. Sababu iliyotolewa ni kwamba mengi yaliyomo yalikuwa tayari katika sheria nyingine, hasa Kanuni ya Adhabu.

Msomaji aitafakari sababu hiyo, maana ndani yake limo jibu la uvumi mbaya ulioweza kuzaliwa. Muswada ulikataliwa kwa kuwa makosa hayo tayari yana sheria. Kubaka ni kosa. Kujamiiana na mtoto aliye chini ya miaka 18 ni kosa ambalo adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha maisha. Mtoto akiwa chini ya miaka 14, au mtendaji akiwa mzazi au mlezi wake, kosa huhesabiwa kuwa zito zaidi na sheria imeliwekea adhabu ya kifo. Haya yalikuwamo kabla ya muswada, na yamebaki baada yake.

Kwa hiyo mtu asije akamwambia mama wa mtoto kwamba "ile sheria ilianguka, tumalizane nyumbani." Iliyoanguka ni karatasi mpya, sheria ya zamani imesimama. Mbuzi wawili au fedha za kuomba radhi hazifuti kosa la jinai, na wazee wa kijiji, viongozi wa RWC wala mwenyekiti wa LC 1 hawana mamlaka ya kulisuluhisha. Mtoto aletwe kituo cha polisi na hospitalini mapema iwezekanavyo, kabla ya kuogeshwa na kabla nguo zake hazijafuliwa. Fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari, yaani PF 3A, hutolewa bure.

Miswada isiyofika mwisho

Machi 2021 Bunge lilipitisha pia Muswada wa Bima ya Afya ya Taifa. Habari zake zilienea kote, kwa kuwa ulihusu michango ya fedha kutoka kwa wananchi. Hata hivyo, Bunge la Kumi na Moja lilianza kazi bila muswada huo kuwa sheria. Muswada wa namna hii ndio chambo kizuri cha tapeli: fedha zimetajwa redioni, watu wamezisikia, na wachache wanajua kwamba mlango wa pili haujafunguliwa. Akija mtu na kitabu cha stakabadhi, akadai mchango wa bima "iliyopitishwa na Bunge", mwombeni aonyeshe sheria na kitambulisho chake cha kazi. Akikosa, msimpe fedha; tupeni taarifa.

Kuna miswada mingine ambayo imekuwa njiani kwa vizazi. Tume iliyochunguza masuala ya ndoa nchini Uganda ilitoa taarifa yake mwaka 1965. Muswada wa Mahusiano ya Kifamilia uliletwa mwaka 2003, wa Ndoa na Talaka ukafuata mwaka 2009, na mjadala wake ukasitishwa mwaka 2013. Kila mara muswada wa ndoa unapotajwa, baadhi ya watu huanza kugombania mali kana kwamba umekwisha kuwa sheria, na wengine huamini kwamba mahari yamefutwa. Migogoro hiyo huishia kwenye madawati yetu, nasi hutazama sheria iliyopo, si iliyotarajiwa.

Sheria inayoweza kupunguzwa na mahakama

Hata baada ya milango yote mitatu, safari huweza kupata mpindo mwingine. Tarehe 10 Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilibatilisha kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, kilichohusu mawasiliano ya kuudhi. Kifungu hicho kilikuwa kimetumika kwa zaidi ya miaka kumi. Tangu siku hiyo hakuna anayeweza kushtakiwa kwa kifungu hicho. Hii haina maana kwamba kila kinachoandikwa kwenye simu sasa ni halali: vitisho na ulaghai vina vifungu vyake. Maana yake ni kwamba kosa lazima litajwe kwa kifungu kilicho hai.

Mpaka wa nchi ni mpaka wa sheria

Wilaya ya Isingiro inapakana na Tanzania, na kule Kikagati ni mto Kagera tu unaowatenganisha watu na Murongo. Simu zetu hupokea habari za Bunge la Dodoma, la Kinshasa, la Kigali na la Bujumbura kwa wepesi uleule zinavyopokea za Kampala. Mfanyabiashara akisikia kwamba ushuru umefutwa au faini imeongezwa, na aulize kwanza: ni Bunge la nchi gani? Lililopitishwa Dodoma halimfungi mtu aliye Kikagati, wala lililopitishwa Kampala halimlindi akivuka. Hata miswada ya Bunge la Afrika Mashariki lililoko Arusha huhitaji idhini ya wakuu wa nchi wanachama kabla ya kuwa sheria.

Naye mkimbizi akumbuke kwamba Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamtaka afuate sheria zote zinazotumika Uganda. Wajibu huo una upande wake wa pili: sheria hizohizo zinamlinda.

Maana yake katika kituo cha polisi

Katiba, katika ibara ya 28, inasema kwamba hakuna mtu atakayetiwa hatiani kwa kosa la jinai ambalo halikuelezwa na kuwekewa adhabu na sheria, wala kushtakiwa kwa tendo ambalo halikuwa kosa siku lilipotendwa. Ibara ya 23 inataka mtu anayekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake na haki yake ya kupata wakili. Asipoachiliwa mapema, afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Haki hizi ni za kila mtu aliye ndani ya Uganda, awe mwenyeji wa Mbarara au mkimbizi aliyeandikishwa jana.

Kwa hiyo, unapoambiwa kwamba umevunja "sheria mpya", una ruhusa kuuliza kwa heshima maswali manne. Sheria hiyo inaitwaje, na ni ya mwaka gani? Ni kifungu gani? Imekwisha kuidhinishwa na kuchapishwa? Ilianza kutumika lini? Askari anayefanya kazi yake ipasavyo hakasirishwi na maswali haya, kwa sababu mwenyewe atatakiwa kuyajibu katika hati ya mashtaka. Usikimbie, usipigane, wala usikatae kwenda kituoni. Uliza, na uombe mkalimani ikibidi.

Kumbukeni pia kwamba dhamana ya polisi ni bure. Faini ya mahakama hutamkwa na hakimu na hulipwa kwa stakabadhi ya Serikali. Fedha inayodaiwa njiani, bila stakabadhi, kwa jina la muswada ulioletwa au unaotarajiwa, si faini. Aliyedai akiwa amevaa sare, toeni taarifa kwa mkuu wa kituo au kwa Kitengo cha Viwango vya Kitaaluma cha Polisi. Akiwa raia, huo ni utapeli, nasi tutaufuatilia.

Tunawaomba viongozi wa RWC, wenyeviti wa LC, maimamu, wachungaji na walimu walichukue jambo hili katika mikutano yao. Bunge likitangaza kwamba limepitisha muswada, mwambieni mtu wenu kwamba muswada huo bado una milango miwili mbele yake. Ukisemwa kwamba umekataliwa, mwulizeni ni sheria gani iliyopo inayobaki ikitumika. Anayetaka uhakika afike kwa afisa wa uhusiano na jamii katika kituo cha polisi kilicho karibu naye, au kwenye ofisi ya Kamanda wa makazi, au kwa mashirika yanayotoa msaada wa kisheria bila malipo. Kwa jambo la dharura, simu za polisi 999 na 112 hupokelewa bila gharama, mchana na usiku.